Ile U Ni ya Uhuru

Katika orodha ambazo wanaastronomia hutumia kutafuta vitu vya angani, kuna vilivyopewa majina kama 4U 1700-37 na 4U 1820-30. Ukiyaona mara ya kwanza utadhani ni nambari za magari. Zile tarakimu za mwisho ni anwani, zinaonyesha kitu kiko upande gani wa anga. Ile 4 ni toleo la nne la orodha. Na ile U ni Uhuru. Ndiyo, huu wetu wa tarehe 12 Desemba, ule tuliouandikia insha shule ya msingi. Mtafiti wa Japani au wa Chile akitaja kitu hicho akiwa kazini, anatamka herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili, hata kama hana habari.

Kabla hatujaendelea tuelewane kuhusu ngeli, maana ndiyo itakayotuokoa na mkanganyiko. Uhuru uliopatikana 1963 ni wa taifa. Uhuru iliyorushwa 1970 ni setilaiti, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu: kutazama eksirei zinazotoka kwenye nyota. Ilirushwa kutoka baharini, karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Nimekuwa nikiwauliza marafiki wa rika langu kama wanaijua. Wanajua Uhuru Park, wanajua Uhuru Highway, wanamjua rais wa nne. Setilaiti, wapi! Basi naandika kwa ajili yao. Lakini siwezi kuieleza Uhuru bila kueleza kwanza ilitumwa kukamata nini. Ilitumwa kukamata fotoni. Kwa hivyo tuanze na fotoni: inazaliwaje, inasafiri vipi, na kwa nini ilibidi watu wapande juu ya hewa ndipo waipokee.

Mtazame mama akimimina unga kwenye sufuria ukiwa mlangoni. Unaona kitu kinachotiririka kama maji. Sogea karibu, utaona ni chembe, kila moja kivyake. Kwa karne ya 19 karibu yote wanasayansi waliutazama mwanga wakiwa mlangoni, wakasema ni wimbi linalotiririka. Mwaka 1900 Mjerumani Max Planck alikuwa anajaribu kueleza rangi za vitu vilivyopashwa moto, na hesabu zikagoma kulingana na vipimo mpaka alipokubali kwamba nishati hutoka kwa vipande. Mwaka 1905 Albert Einstein akasogea karibu zaidi, akasema mwanga wenyewe husafiri kwa vipande. Jina fotoni lilienea baada ya mwanakemia Gilbert Lewis kulitumia mwaka 1926. Ajabu ni kwamba waliosema wimbi hawakukosea pia. Mwanga una tabia zote mbili, na fizikia imekubali kuishi na hilo.

Sasa, kipande kimoja cha mwanga hutoka wapi? Mara nyingi huzaliwa pale elektroni inapopoteza nishati. Nishati haipotei hivihivi, lazima iende mahali, na njia moja ya kwenda ni kuwa fotoni. Ndani ya atomu elektroni hukaa kwenye ngazi maalum, na ikishuka kutoka ngazi ya juu hadi ya chini, tofauti yake inatoka kama fotoni moja. Elektroni iliyo huru nayo, ikipita kasi karibu na kiini cha atomu, huvutwa, njia yake inapinda, mwendo unapungua, na kile ilichopoteza kinatoka kama fotoni. Hii njia ya pili iweke akilini, tutaihitaji.

Joto ndilo linaloamua fotoni itakuwa na nguvu kiasi gani. Nenda Kamukunji ukawaone mafundi wa jua kali na chuma chao. Kikianza kupata moto hakibadiliki rangi, lakini ukisogeza mkono unahisi. Fotoni zinatoka, ila ni dhaifu mno kwa macho. Kikizidi kinakuwa chekundu, halafu rangi ya chungwa, halafu manjano. Kila rangi inakuambia chuma kimefika wapi. Uso wa Jua, wenye nyuzijoto zipatazo 5,500, hutoa ule mwanga ambao macho yetu yameumbwa kuuona. Ukiendelea kupandisha moto unapita zambarau, unapita kile jicho linaweza, na ukifika mamilioni ya nyuzi gesi inaanza kung'aa kwa eksirei. Ni zilezile ambazo Wilhelm Röntgen alizigundua maabarani mwaka 1895 na ambazo leo daktari huzitumia kuangalia mfupa uliovunjika. Kwa hivyo popote angani panapotoka eksirei kwa wingi, pana jambo kubwa. Pana moto usio wa kawaida, au kuna kitu kinachovuta kwa nguvu za kutisha.

Kuzaliwa ni jambo moja, kutoka ni jingine. Katikati ya Jua joto ni nyuzi milioni 15 hivi, na hapo hidrojeni inageuzwa kuwa heli. Fotoni inayozaliwa pale haiendi mbali. Inagonga elektroni, inatupwa kushoto, inagonga nyingine, inamezwa, na nyingine inatolewa mahali pake. Moja yenye nguvu nyingi inaishia kuwa nyingi zenye nguvu kidogo. Ni kama kutoka katikati ya jiji saa kumi na moja jioni siku ya mvua, ila msongamano huu huchukua maelfu mengi ya miaka. Halafu nishati ile ikifika usoni, barabara inafunguka. Kilomita milioni 150 kutoka Jua hadi hapa zinaishia kwa dakika 8 na sekunde 20 hivi. Mwanga unaoanguka kwenye kitabu chako asubuhi umetembea umbali mrefu kwa dakika chache baada ya kuteseka umbali mfupi kwa muda ambao hakuna ukoo unaoweza kuuhesabu.

Ikishaachiwa, fotoni huenda kilomita 299,792 kila sekunde. Haihitaji hewa wala maji ya kuibeba. Haina masi, haisimami kupumzika. Katika umbali mkubwa sana kutanuka kwa ulimwengu huivuta ikadhoofika, lakini kasi yake ni ileile. Isipokutana na kitu itaendelea tu. Ndiyo maana wanaastronomia hupima umbali kwa miaka ya nuru, yaani umbali ambao mwanga hukata kwa mwaka mmoja, kilomita trilioni 9.5 hivi. Na ndiyo maana kutazama juu ni kusoma historia. Kila mwanga wa angani ni barua ya zamani, na kadiri nyota ilivyo mbali ndivyo barua ilivyo kuukuu.

Tatizo ni posta. Fotoni ya eksirei inaweza kusafiri miaka elfu saba bila kuguswa na chochote, kisha ikafia makumi ya kilomita juu ya kichwa chako, imemezwa na atomu ya naitrojeni au oksijeni. Hewa yetu ni pazia zito kwa eksirei. Tushukuru, kwa sababu bila pazia hilo tusingekuwa hapa kuzungumza. Lakini matokeo yake ni kwamba tangu binadamu aanze kutazama nyota, upande huo wote wa anga ulikuwa giza kwake. Darubini ingekuwa kubwa namna gani isingesaidia, kwa sababu barua zenyewe hazifiki chini.

Mwaka 1962, mwezi wa Juni, kikundi kilichoongozwa na Riccardo Giacconi, Mwitaliano aliyezaliwa Genoa akahamia Marekani, kilirusha roketi ndogo kutoka White Sands, New Mexico. Walisema wanakwenda kutafuta eksirei kutoka Mwezini. Roketi ilikaa juu ya pazia dakika chache tu, ikaanguka. Katika dakika hizo haikuziona eksirei za Mwezi. Iliona kitu king'avu mno upande wa kundinyota la Nge, mbali kabisa nje ya mfumo wetu wa Jua. Wakakiita Sco X-1. Hakuna aliyekuwa amekitarajia. Kwa miaka iliyofuata roketi nyingine zilipanda na kushuka, kila moja na dakika zake chache. Ni kama kujaribu kuusoma mji usioujua kwa kuchungulia dirishani wakati wa mweko wa radi. Alichohitaji Giacconi ni kifaa kitakachobaki juu, mchana na usiku, kwa miezi. Alihitaji setilaiti. Na setilaiti ikahitaji mahali pa kupandia.

Hapo ndipo habari inapofika Pwani. Miaka ya sitini Waitalia, wakiongozwa na profesa na mhandisi Luigi Broglio, walikuwa wameweka majukwaa ya chuma baharini karibu na Ngomeni. Moja, Santa Rita, lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta kabla ya kugeuzwa kituo cha kuongozea. Jingine, San Marco, ndilo roketi ziliporukia. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya Kiitalia, San Marco 2, ilipanda kutoka hapo. Kilichowaleta si ukarimu wetu peke yake. Malindi iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, na kwenye ikweta ardhi inazunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki. Roketi ikipanda kuelekea mashariki inaanza safari ikiwa tayari imesukumwa, bure. Mbele yake ni Bahari Hindi tupu, kwa hivyo vipande vikianguka haviangukii mtu. Na kwa kazi ya eksirei kulikuwa na faida nyingine kubwa zaidi. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu nyingi ambako chembe za mnururisho hunaswa na usumaku wa dunia. Chembe hizo zikigonga kifaa hufanana na fotoni, zinapiga kelele za uongo. Juu ya ikweta kuna utulivu. Kwa lugha nyingine, ili kuzisikia nyota vizuri ilibidi uje kwetu.

Setilaiti ilikuwa ya Wamarekani, na roketi, aina ya Scout yenye hatua nne, ilikuwa yao pia. Walioirusha ni Waitalia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza setilaiti ya Marekani kurushwa na watu wa nchi nyingine. Msimamizi wa mradi mzima upande wa NASA alikuwa Marjorie Townsend, mhandisi, mwanamke wa kwanza pale kusimamia urushaji wa chombo cha angani. Kwenye makaratasi setilaiti iliitwa SAS-1. Ilipanda tarehe 12 Desemba 1970, miaka saba kamili tangu bendera ya Uingereza ishushwe Nairobi. Townsend akaipa jina Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji waliowapokea.

Uhuru haikuwa kubwa, kilo 140 na kidogo. Haikuwa na kioo wala lenzi. Ilikuwa na vifaa viwili vya kuhesabia, vilivyotazama pande mbili zinazopingana, na yenyewe ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ikifagia anga ukanda kwa ukanda. Kila kifaa kilikuwa kama sanduku lililojaa gesi ya agoni, na dirisha lake lilikuwa bati jembamba la beriliamu, metali nyepesi ambayo eksirei hupenya. Fotoni ikiingia inagonga atomu ya agoni na kung'oa elektroni. Elektroni hiyo inavutwa na umeme, inang'oa nyingine njiani, nazo nyingine, mpaka inakuwa mshtuko mdogo wa umeme unaoweza kupimwa. Mshtuko mmoja, fotoni moja. Safari ya maelfu ya miaka inaishia hapo, kama tarakimu moja kwenye hesabu. Nikiwaza hilo huwa naona huruma kidogo, lakini fotoni isiyokamatwa haimwambii mtu lolote.

Na zilizokamatwa zilisema mengi. Mwaka 1971 kitu kiitwacho Cen X-3 kilionekana kikipiga kama mapigo ya moyo, pigo moja kila sekunde 4.8. Mapigo hayo yalikuwa yakiwahi na kuchelewa kwa mpangilio unaojirudia kila siku 2.1. Maana yake kitu hicho kilikuwa kinazunguka nyota nyingine: kikija upande wetu fotoni zake zina njia fupi, kikienda mbali zina njia ndefu. Ni hesabu ya mwendo na umbali ya darasa la saba, imepelekwa mbinguni. Kilikuwa nyota ya nyutroni, masalio ya nyota iliyokufa, inayonyonya gesi ya mwenzake. Gesi hiyo ikianguka inapata kasi ya ajabu, inasuguana na kubanwa, inafika mamilioni ya nyuzi, na kung'aa kwa eksirei. Kumbe moto mkubwa kiasi hicho hauhitaji kuni za kinyuklia. Kuanguka kunatosha.

Halafu kuna Cygnus X-1. Hii haikupiga kwa mpangilio. Iliwakawaka ovyo, ikibadilika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Watu wa fizikia wana hoja moja rahisi hapa. Kitu hakiwezi kubadilika chote kwa pamoja haraka kuliko muda ambao mwanga huchukua kukivuka. Katika sehemu moja ya kumi ya sekunde mwanga huenda kilomita 30,000. Basi chochote kilichokuwa kikiwaka pale hakikuzidi ukubwa huo, wakati Jua letu lina upana wa kilomita milioni 1.4. Wanaastronomia Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton huko Kanada, waliitazama nyota ya buluu iliyokuwa mahali hapo, wakaona inayumba kila siku 5.6, inavutwa na mwenza asiyeonekana. Mwaka 1972 walitangaza hesabu zao. Mwenza huyo alikuwa mzito mno kuwa nyota ya nyutroni. Leo vipimo vinampa uzito wa Jua mara 21 hivi. Lilikuwa shimo jeusi, la kwanza ambalo wanasayansi walianza kulikubali kama kitu halisi. Stephen Hawking aliweka dau na Kip Thorne mwaka 1974 kwamba silo. Akakubali kushindwa 1990.

Utauliza, na ni swali zuri: kama hata mwanga hautoki kwenye shimo jeusi, Uhuru ilikamata nini? Ilikamata fotoni za mlangoni. Gesi inapolizunguka shimo kabla ya kumezwa inawaka kwa mara ya mwisho, na fotoni zinazozaliwa nje ya ule mpaka bado zina njia ya kutoka. Zilizokutana na Uhuru zilikuwa zimesafiri miaka 7,200 hivi. Zilipoondoka kule hapakuwa na Lamu, hapakuwa na Kilwa, hata mapiramidi ya Misri yalikuwa bado kwa zaidi ya miaka 2,500. Na kuna za mbali zaidi. Uhuru iligundua kwamba makundi makubwa ya galaksi, kama lile la Perseus, yamejaa gesi yenye moto wa makumi ya mamilioni ya nyuzi, ambamo elektroni hupinda njia karibu na viini vya atomu na kutoa eksirei, ile njia ya pili niliyokuambia uiweke akilini. Fotoni hizo ziliondoka Perseus zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita.

Kazi ya Uhuru iliisha Machi 1973. Orodha ya nne na ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Kabla yake vilijulikana makumi machache tu. Mwaka 2002 Giacconi alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Hapa ndipo ninapokwama kidogo. Katika hadithi hii Kenya ni mahali, na Kenya ni jina. Mapigo ya Cen X-3 yalisomwa Cambridge, Massachusetts, na watu waliokuwa na mashine, mafunzo na muda wa kuyasoma. Simlaumu mtu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kujitegemea kama chuo kikuu kamili mwaka huohuo wa 1970, na nchi ya miaka saba ilikuwa na mengine ya kufanya. Lakini ikweta tulipewa bure, kama tulivyopewa jua na bahari. Kusoma kilichokamatwa hakuji na ikweta. Kunafundishwa.

Na kumeanza kufundishwa. Tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ndogo ya 1KUNS-PF, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Waitalia, iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, ya kuitazama ardhi yetu kutoka juu. Cha kuchekesha ni kwamba Taifa-1 ilirushwa kutoka California. Wao walikuja kwetu kutazama nyota, nasi tukaenda kwao kujitazama. Majukwaa ya Ngomeni hayajarusha setilaiti tangu 1988.

Setilaiti yenyewe ilianguka ikaungua hewani mwaka 1979. Fotoni zilizoikosa siku ile ya Jamhuri zikapita pembeni ya dunia bado zinakwenda, na sasa ziko zaidi ya miaka 50 ya nuru kutoka hapa. Nyuma yao zinakuja nyingine, kila sekunde, kutoka vyanzo vilevile 339, juu ya Ngomeni na juu ya paa la nyumba yako. Anayetaka kuzisoma ataanza na ile orodha, na atakuta neno letu limemtangulia.